Mwaka Tuliotafuta Tundu la Sambusa

Mwezi uliopita mjukuu wa Wankuru, yule anayepika kwenye kambi ya watalii karibu na Natta, alipata likizo akaamua kutulisha. Nasema kutulisha kwa sababu mimi na Wankuru, ukiunganisha meno yetu yote, tunapata kinywa kimoja cha mtu mzima, na siku hizi watu hawatukaribishi kula, wanatulisha. Nilikuwa nimetoka Tarime kwa basi kwenda Natta kumwona baada ya miaka mingi ya kusalimiana kwa simu tu, simu zenyewe za kupiga kelele, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa uziwi. Tulikaa sebuleni kwake, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma ambavyo mtu haruhusiwi kuviegemea. Kijana akaingia na sinia. "Bibi zangu, tunaanza na hizi, chakula chenyewe kinakuja," akasema, kwa sauti ile ile nadhani anayowaambia Wazungu. Zilikuwa sambusa. Ndogo, kavu, za rangi moja, zimelala kwa mstari kama wasichana wa bweni. Wankuru akachukua moja, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akaipeleka karibu na miwani, kisha akanitazama. Basi. Tulicheka mpaka kijana akaweka sinia chini akidhani mmoja wetu amepaliwa. "Kuna nini, bibi?" akauliza. Wankuru akamjibu, "Tunatafuta tundu." Kijana akatueleza kwa upole mwingi, kama unavyomweleza mzee ambaye akili imeanza kumtoka, kwamba siku hizi manda zinauzwa mjini zimeshakatwa, wewe unajaza na kukunja tu. Zimeshakatwa! Nilimwangalia mtoto yule na kitambaa chake cheupe begani nikaona hana habari kabisa. Sambusa kwake ni kitu cha kumtuliza mgeni wakati kuku anaiva. Kwetu sisi ilikula mwaka mzima, na kidogo imle Wankuru mwenyewe.

Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini, bendera ya Malkia ikipepea pale Bomani kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, nasi tukiwa darasa la saba katika shule ya misheni ya wasichana, mwendo wa miguu tu kutoka mjini. Bweni letu lilikuwa refu na la bati, na mvua ikinyesha hakuna aliyemsikia mwenzake, ndiyo maana wote tuliosoma pale mpaka leo tunazungumza kama tunaita ng'ombe. Asubuhi uji wa mtama, mchana ugali wa muhogo na maharage, jioni maharage yale yale yakiwa yamepumzika. Jumapili kulikuwa na nyama, lakini ilikuwa nyama ya kusimuliwa: waliokaa karibu na sufuria waliiona, sisi wa mwisho wa meza tulipata habari zake. Katika njaa ya namna hiyo mtu akikuambia amekula chakula cha hoteli, unamtazama mdomoni kama vile bado kimo. Na mimi nilikuwa nimekula. Mjomba wangu, tarishi wa ofisi ya Bwana Shauri, mtu wa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, alinichukua siku ya likizo fupi akanipeleka hoteli ya Mzee Salehe, Mwarabu mnene aliyekaa mlangoni na kipepeo cha ukili akifukuza nzi na wateja wasiokuwa na kitu mfukoni. Tulikaa. Kabla hatujasema neno, sahani ya bati ikatua mezani, na juu yake vitu vya pembe tatu, vya rangi ya udongo wa kichuguu, vinanukia mpaka machozi yakanilenga.

"Mjomba, hatujaagiza."

"Nyamaza. Hiki ni cha kutangulia. Unakula kabla ya kula."

Kula kabla ya kula! Nilijua papo hapo kwamba Serikali ina watu wake. Nikauma pembe moja, ikalia kama jani kavu, na ndani nikakuta nyama, vitunguu, na kitu cha moto kilichonipanda puani. Nikaigeuza ile iliyobaki. Niliipekua kote, kwenye kingo, kwenye pembe, tumboni. "Mjomba," nikasema, "nyama imepitia wapi?" Mjomba akanywa chai. "Imepikwa humo humo." "Ndiyo, lakini iliingiaje? Hakuna tundu." Mjomba wangu alijua mpaka Bwana Shauri analalia ubavu gani, lakini hapo alikwama, akaniambia msichana wa misheni hatakiwi kuchungulia chakula, anatakiwa kushukuru.

Nilirudi bweni na ile habari, na kwa wiki kadhaa hatukusoma kitu kingine. Walikuwapo waliosema unga unakorogwa kama uji, nyama inatumbukizwa, halafu uji unagandia juu yake. Alikuwapo aliyeapa kwamba nyama inasukumwa ndani kwa pampu ya baiskeli, kwa sababu alikwisha kumwona Mwarabu na pampu. Binti mmoja wa Kiikoma, mpole, asiyezungumza mara kwa mara, akainuka kitandani akauliza kuku anawekaje ute ndani ya yai bila kutoboa ganda, na kama kuku anaweza, Mzee Salehe atashindwaje? Hoja ilikuwa nzito. Taa ikazimwa bila jibu.

Wankuru hakuwa mcheshi. Mimi nilikuwa mcheshi kwa ajili ya watu wawili, naye alifanya kazi kwa ajili ya watu wawili, na hivyo urafiki wetu ulikuwa na mizani yake. Alikuwa mrefu, mwenye vidole virefu vilivyojua kila kitu: kushona, kusuka, kufunga kidonda, kunikandamiza mdomo ninapotaka kumjibu mwalimu. Alilelewa na babu yake, Mzee Matiko, mzee wa ng'ombe wengi na maneno machache, na muhula wa pili muuza chumvi mmoja alipita shuleni na ujumbe mdomoni. Mzee Matiko atakuja Siku ya Wazazi. Kuna watu wa Kemambo, wenye jembe la kukokotwa na ng'ombe na nyumba ya bati, wamekwisha kumwuliza habari za mjukuu wake. Mzee hajawajibu. Atakuja kwanza aone kwa macho yake shule imemfanya nini, ndipo atasema neno. Muuza chumvi alimaliza, akanywa maji, akaenda zake. Wankuru alikaa kwenye ngazi ya bweni akikwangua tope kwenye kisigino. "Nataka kumaliza la nane," akasema. Hakulia, na hilo lilinitia hofu zaidi, maana msichana akilia una kazi ya kufanya, unamfuta.

"Tutampikia babu yako kitu ambacho hajawahi kukiona," nikasema. "Akikila atajua shule ni jambo kubwa. Hatathubutu kukutoa."

"Kitu gani?"

Ninyi mnajua nilisema nini.

Siku ya Wazazi kila kundi la darasa la upishi lilitakiwa kuandaa kitu, na mwalimu wetu wa upishi alikuwa Mwalimu Salome, mwanamke wa Majita, wa gauni lililotiwa wanga, aliyefundisha kwa kitabu kilichotoka Uingereza. Kwa kitabu hicho sisi, ambao nyumbani tulikuwa na mafiga matatu na chungu, tulijifunza kuoka skonzi na kupanga uma upande wa kushoto. Nilipomwambia kundi letu litapika sambusa, alivua miwani. "Bhoke, wewe umewahi kupika nini zaidi ya fitina?" Nikamwambia, Mwalimu, mimi ndiye pekee hapa niliyekula hoteli. Jambo hilo halikukanushika. Akatupa kibaba cha unga wa ngano na onyo refu.

Jaribio la kwanza ningependa lisahaulike, lakini Wankuru analikumbusha kila tukionana. Tulikanda unga, tukausukuma mpaka ukawa mwembamba, tulivyodhani, yaani unene wa soli ya makubadhi. Tukaweka mabonge ya nyama katikati, tukakunja, likabaki swali la kufunga. Ukibana kwa vidole unafumuka. Ukipaka maji unateleza. Hapo Wankuru akasema jambo lililoonekana la busara kabisa kwa mtu yeyote aliyekulia kwenye boma la ng'ombe: "Nyumbani ngozi ikitakiwa kufungwa tunafanyaje? Si tunapitisha miiba?" Tukaenda kwenye ua wa shule tukachuma miiba, ile mirefu myeupe, tukabana kila sambusa kwa ustadi, mishono sawasawa. Zilipendeza. Zilikuwa kama mifuko ya mganga. Tukazikaanga kwa samli iliyotoka nyumbani kwa akina Wankuru ndani ya kibuyu, samli yenye harufu ya moshi na ya zizi, ambayo sisi tuliipenda, tukasahau kwamba hatujawahi kumwona Mwarabu na kibuyu. Samli haikuchemka vya kutosha. Sambusa zikaketi ndani yake zikainywa kama ndama. Tulipozitoa zilikuwa nzito, zimelegea, na Mwalimu Salome, ambaye alikuwa mwadilifu, akasema yeye ndiye ataonja kwanza.

Aliuma. Akaacha kutafuna. Kinywa chake kikaanza kutembea polepole, upande mmoja kisha mwingine, akituangalia bila kupepesa. Halafu akaingiza vidole viwili, akavuta mwiba, taratibu, kama mtu aliyekulia kwenye sato na miiba yake, akauweka pembeni mwa sahani. Akavuta wa pili.

"Nani kafunga huu mzigo?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimeuma kola ya gauni langu nisicheke, na machozi yananitoka.

"Bhoke, unalia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Endelea."

Baada ya hapo tulitambua kwamba akili haitoshi, lazima tuione maiti. Hoteli ya Mzee Salehe msichana haingii peke yake, lakini nyuma ya hoteli, uani, palikuwa na mke wake, Bi Zuhura, na Bi Zuhura alipenda mayai ya kienyeji. Nikatumwa mimi na mayai nilete sambusa moja tuichunguze. Nilirudi na karatasi yenye mafuta. Mpaka leo sijui ilikuwaje. Nakumbuka naondoka uani nayo, nakumbuka nikiinusa kwenye kona ya duka la Mhindi, halafu nakumbuka karatasi. Darasa zima lilinisusa mpaka jioni. Mara ya pili alikwenda Wankuru, akaileta nzima, akaiweka juu ya dawati, nasi tukamzunguka kama wauguzi. Alitumia bikari ya hesabu. Alichokoa kona moja, akachokoa nyingine, akashika ncha ndogo iliyoachia, akavuta. Sambusa ikageuka. Akavuta tena, ikageuka tena, ikafunguka, ikaendelea kufunguka, mpaka nyama ikabaki imekaa yenyewe mezani kwa aibu, na mkononi mwake pakaning'inia kitu kirefu chembamba.

"Ni mkanda," akasema Wankuru. "Jamani, ni mkanda tu. Umekunjwa."

Yule binti wa Kiikoma aliangua kilio. Alikuwa ameamini ya kuku.

Na gundi ya mwisho, ile iliyofunga ncha, Wankuru aliigusa kwa ulimi akacheka, maana ilikuwa uji wa ngano, ile ile tuliyobandikia majalada ya madaftari. Tulikuwa nayo dawatini miaka yote. Kuanzia siku hiyo shule nzima ilikunja. Tulikunja karatasi wakati wa hesabu, tulikunja majani ya mgomba, tulikunja leso kanisani. Mwalimu Salome alitia mkono mfukoni katikati ya somo akatoa sambusa ya karatasi yenye karanga ndani, akaifungua, akala karanga, akaikunja tena. Kesho yake alifungua stoo, akatukabidhi ule unga wote wa skonzi. Nadhani hiyo ndiyo siku kitabu cha Uingereza kilipofungwa kwa upande wake pia. Tulijifunza kusukuma kwa chupa, kupasha manda juu ya kifuniko cha debe, kukata mikanda. Bi Zuhura alituazima karai na kutuambia tuachane na samli, tutumie mafuta ya karanga, tena yachemke mpaka kipande cha kitunguu kikiingia kipige kelele. Alasiri moja, baada ya nyingi za kuungua, ikatoka karaini sambusa moja ya rangi ya kichuguu, pembe tatu kamili, haina tundu. Tuliigawana wote tukiwa tumesimama. Kila mtu alipata kiasi cha kuku kudonoa.

Siku ya Wazazi walichinja ng'ombe, na asubuhi yote tulikuwa kwenye mbao za kukatia, visu vikilia, tukiigeuza nyama kuwa laini kama alivyotuelekeza Bi Zuhura. Wankuru alikata nyingi kuliko wote. Wazee walifika na mablanketi yao mabegani na fimbo zao, wakaketishwa darasani kwenye mabenchi ya kanisa, mbele yao meza zenye vitambaa, uma kushoto. Mzee Matiko aliutazama uma, akaugusa kwa ncha ya fimbo, akauacha. Mimi nilipewa kazi ya karai, nje, chini ya dirisha la darasa, kwa sababu Mwalimu Salome alisema wageni wasinione mpaka wameshiba. Hivyo ndivyo nilivyoyasikia. Walizungumza Kikurya, sauti za wazee wanaodhani dirisha ni ukuta. Aliyekaa karibu na Mzee Matiko alikuwa rafiki yake, Mzee Range, mfupi, mwenye kikohozi.

"Sasa hawa wa Kemambo utawaambia nini?"

"Nasubiri nione. Wale wana mtoto aliyesoma, anataka mke wa mambo mapya. Wanasema huyu wangu anapika chakula cha Bomani."

"Cha Mwarabu?"

"Cha Mwarabu. Kama ni kweli, basi shule imemaliza kazi yake. Nikishakula, afunge sanduku lake, tunaondoka naye leo."

Kijiko cha kutolea sambusa kiliniponyoka karaini. Nilisimama pale moshi ukiniingia machoni na kuona mwaka mzima ukirudi nyuma: mwiba, mayai, mkanda, karai. Tulikuwa tumefanya kazi yote hiyo kumwoza Wankuru. Tena mimi ndiye niliyetoa wazo, kwa mbwembwe. Nilizunguka jengo mbio, nikamkuta anatoka jikoni na sinia kubwa, sambusa zimepangwa, gauni jeupe, uso umekunjuka kwa furaha.

"Babu yako akizipenda unaondoka naye leo," nikamwambia. "Wa Kemambo wanangoja."

"Bhoke, si leo. Leo usinitanie."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Amesema shule imemaliza."

Alinitazama, akingoja nicheke. Hayo ndiyo malipo ya mtu wa mizaha, kwamba siku ya kusema kweli lazima asimame pale kama mshitakiwa. Sikucheka. Nadhani hilo ndilo lililomtisha. Mwalimu Salome akaita kutoka mlangoni, "Wankuru, wageni wanasubiri!" naye akaenda, hatua zake zile zile, mgongo wima, na mimi nikarudi dirishani nikachungulia bila kujificha.

Alipiga goti, akamsogezea babu yake kwanza. "Shikamoo, babu." "Marahaba. Hii ndiyo ya Bomani?" "Ndiyo, babu." Akachagua mwenyewe moja kwa vidole vyake virefu, akampa mkononi. Mzee akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, naye pia, nilimwona, akitafuta tundu. Akauma. Ilipolia, wazee wote wakageuka. Akatafuna, na uso ule wa gome la mti ukaanza kulegea, nyusi zikapanda, akatia kipande kilichobaki chote mara moja. Mzee Range akachukua ya kwake. Wengine wakachukua. Nilikuwa nimeshika fremu ya dirisha kwa nguvu mpaka kibanzi kikaniingia. Hapo Mzee Matiko akameza, akajifuta mdomo kwa blanketi, akamwuliza mjukuu wake swali ambalo hakuna hata mmoja wetu, katika mwaka mzima wa kutafuta tundu, aliyewahi kulifikiria.

"Nyama hii ni ya sehemu gani?"

Kwetu ng'ombe akichinjwa hakuna kitu kinachoitwa nyama tu. Kuna kidari, na kidari ni cha mzee wa boma. Kuna mbavu za wakwe, shingo ya wanawake, na kila kipande mpaka kwato kina mwenyewe. Mzee akila kisicho chake amejishusha mbele ya watu, na aliyempa amemtukana. Mtoto wa Kikurya anaujua mgawo huo kabla hajajua kuhesabu. Nasi wasichana wa Kikurya, vichwa vimejaa Mwarabu, tulikuwa tumemkatakata ng'ombe mzima akawa kitu kimoja na kumfunga ndani ya unga asiweze kuulizwa. Na Wankuru, aliyekulia mbele ya moto wa babu yake, angeweza kukutajia mwenye kila mfupa hata akiwa usingizini. Wote tulilijua hilo. Aliinua macho, mapana, ya mtoto mjinga ambaye sikuwahi kumwona.

"Sijui, babu," akasema. "Tulichanganya."

"Mlichanganya nini na nini?"

"Yote."

Mzee Range akaacha kutafuna. "Nimekula shingo!" akasema. "Mura, mimi nimekula shingo ya wanawake!" Benchi likaanza kuunguruma. Mwalimu Salome akaja mbio akitabasamu, gauni likilia kwa wanga. "Wazee wangu, msisumbuke, ni nyama ya kusaga tu." Mzee Matiko akamgeukia kwa heshima kubwa. "Mwalimu, ng'ombe wa kwenu ana nyama ya kusaga? Iko upande gani?"

Ungedhani wangeondoka. Lakini harufu ile ilikuwa bado inapanda kutoka kwenye sinia, na Mzee Matiko alikuwa mtu wa haki. Akasema haiwezekani watu wazima wakae na chakula kisichojulikana ni cha nani. Mwenye ulimi unaojua ng'ombe anaweza kutambua, na ni wajibu wa wazee kutambua, ili kila mtu apate chake. Akachukua nyingine. "Hii paja," akasema akitafuna. "Si ya mtu hapa." Lakini alikuwa ameshaimaliza. Mzee Range akachukua. "Hii ya kwangu kidari, kabisa." "Kidari? Lete nione." Akaonja. "Mbavu." "Mbavu wapi, huoni mafuta yake?" "Chukua nyingine ulinganishe." Wakalinganisha. Benchi la nyuma likadai nalo lina wenye ndimi. Mimi nikatoa zilizokuwa karaini, zikapokewa dirishani bila mtu kuuliza mimi ni nani, zikahukumiwa. Ile ya kwanza kabisa aliyopewa, Mzee Matiko alisisitiza mbele ya wote, hakuna ubishi, ilikuwa shingo. Wakabishana hivyo, kwa uchungu mkubwa na midomo inayong'aa, mpaka sinia likabaki na makombo, na makombo nayo yakachunguzwa.

Kisha Mzee Matiko akasimama kwa fimbo yake. "Mwalimu," akasema, "tunashukuru. Mmemfundisha mtoto kukunja. Kukunja anajua. Lakini hajui anachokunja. Nikimpeleka Kemambo leo, kesho atamlisha mkwe wangu shingo ndani ya unga, na ng'ombe wataitwa kurudi kabla hawajaijua njia ya mtoni kwangu. Hajaiva. Kaeni naye. Mwaka ujao nitakuja mwenyewe nionje tena."

Mwalimu Salome, ambaye hakuelewa hata nusu, alisema ndiyo mzee, asante mzee. Hivyo ndivyo Wankuru alivyobaki shule, akaingia la nane, na baadaye akaenda kusomea ukunga, akawa ndiye wa kwanza kuwashika nusu ya watu wanaotembea leo huko Natta: kwa kuhesabiwa mbumbumbu mbele ya ukoo wake wote, jambo ambalo mimi, kwa juhudi zote za miaka yangu ya shule, sikuwahi kulipata kwa faida.

Jioni ile tulikuwa nyuma ya jiko tukisugua karai la Bi Zuhura kwa majivu. Nilikuwa bado na hofu, na nikiwa na hofu nazungumza.

"Ulipatia wapi ule uso? Nilidhani kweli umesahau kila kitu."

Wankuru alisugua. "Ile ya kwanza niliyompa ilikuwa kidari," akasema. "Nilikikata peke yake asubuhi, nikakikunja mwenyewe. Ningempaje babu kitu kisicho chake?"

"Lakini alisema ni shingo!"

"Alisema."

Tuliinamia karai tukacheka mpaka majivu yakatuingia puani, kimya kimya, maana wazee walikuwa bado wanaagana uwanjani. Tulipotulia nikakumbuka kwamba mwaka ujao atarudi kuonja, na safari hii atakuja amejiandaa, nikamwuliza tutampikia nini.

"Hizo hizo," akasema Wankuru, akimwaga maji ya karai. "Ila nyama tuikate laini zaidi."